Wimbo Mmoja, Milango Mingi: Tofauti Unayoisikia Inatoka Wapi?

Mtu mwenye amplifaya na jozi ya spika nyumbani kwake Kibokoni au Makadara, Mombasa, leo ana njia nyingi za kuusikiliza wimbo mmoja. Ana CD aliyoinunua zamani, flashi iliyojazwa nyimbo dukani, simu iliyounganishwa kwa waya, simu hiyo hiyo kwa Bluetooth, kompyuta, na mtandaoni kuna YouTube, Boomplay na Spotify. Akiupitisha wimbo wa mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo katika njia hizo zote, mara nyingi atasikia kwamba haulingani, na hapo ushauri huanza kumiminika: nunua mashine ya CD ya bei kubwa, nunua kebo iliyopakwa dhahabu, simu si chombo cha muziki. Hoja yangu ni kwamba tofauti anayoisikia kwa kawaida ni ya kweli, ila haitoki kwenye chombo kinacholaumiwa. Inatoka kwenye nakala ya wimbo, kwenye ukubwa wa sauti, na kwenye chumba. Chombo cha dijitali kinachosoma nakala ile ile bila kosa huja nyuma kabisa ya hayo matatu, na anayeanza kutumia pesa zake hapo ameanza mwisho wa foleni.

Tuanze na kilichomo ndani ya CD. Tangu ilipotoka mwaka 1982, CD huhifadhi sauti kama vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa stirio, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Idadi hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ili kuhifadhi mtetemo wowote unahitaji vipimo zaidi ya viwili kwa kila wimbi lake, kwa hiyo vipimo 44,100 vinatosha kubeba mitetemo inayokaribia hezi 22,000, na sikio la kijana mzima huishia karibu na hezi 20,000. Mtu wa makamo husikia chini ya hapo sana. Sasa, kilicho muhimu kwa swali letu ni kwamba vipimo hivyo ni tarakimu, na tarakimu haina ladha ya chombo kilichoibeba. Ukituma shilingi elfu moja kwa M-Pesa kutoka kwenye kabambe au kutoka kwenye simu ya bei ya ng'ombe, anayepokea hupata elfu moja ile ile. Nakala ya CD ikihamishiwa kwenye flashi bila kubanwa, programu ya kompyuta inaweza kulinganisha mafaili hayo mawili biti kwa biti na kukuonyesha kwamba ni kitu kimoja. Yakishakuwa kitu kimoja, hakuna mahali ambapo utamu wa moja ungejificha usionekane kwa jingine.

Wapo wanaojibu kwamba mashine dhaifu husoma CD vibaya, na sauti ikapungua uhai. Hili lina jibu la wazi, kwa sababu dijitali inapokosea hukosea kwa namna yake. CD imeandikwa pamoja na tarakimu za ziada za kurekebisha makosa, kiasi kwamba mkwaruzo mdogo husahihishwa wote na kipimo cha asili hurejeshwa kamili. Mkwaruzo ukizidi, mashine hukisia kipimo kilichopotea kutokana na majirani zake. Ukizidi tena, utasikia kulia kwa tik, kuruka, au kimya. Kanda ya kaseti ndiyo inayofifia polepole, nota za juu zikizama na mvumo ukipanda. Kwa hiyo ukilalamika kwamba mashine yako inarukaruka, mashine ina ugonjwa. Lakini ukilalamika kwamba sauti ya udi imekosa joto, au kwamba mwimbaji yuko mbali, usomaji wa tarakimu hauna dalili ya namna hiyo na lazima utafute sababu mahali pengine.

Inabaki hatua ya kugeuza tarakimu ziwe umeme wa kusukuma spika. Hapo kweli kuna saketi, na saketi zinatofautiana zikipimwa maabara. Swali ni kama sikio linazikuta tofauti hizo. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani matokeo ya jaribio lenye kishindo. Walichukua rekodi za ubora unaozidi wa CD, wakaziacha zipite moja kwa moja au wakazipitisha kwanza kwenye kifaa kilichozishusha hadi kiwango cha CD, bila msikilizaji kujua ni ipi. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276, yaani karibu sawasawa na kurusha sarafu. Ni haki nitaje pia upande wa pili: mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na akapata kwamba watu walipatia kwa asilimia 52.3, na waliofunzwa mapema walifanya vizuri zaidi. Basi sikatai kwamba kuna kitu. Nasema kitu hicho ni chembamba kiasi kwamba kinahitaji maelfu ya majaribio ili kionekane, na hakiwezi kuwa ndicho kinachomfanya mtu aliyekaa sebuleni aseme kwamba simu imeuua wimbo.

Kinachomfanya aseme hivyo, kwa sehemu kubwa, ni ukubwa wa sauti. Mashine ya CD kwa kawaida hutoa takriban volti mbili, ilhali simu nyingi hutoa volti moja au chini yake. Volti ikipungua nusu, sauti imeshuka desibeli sita, na hiyo ni tofauti ambayo hata mtoto ataisikia. Tatizo ni kwamba tofauti ndogo zaidi, ya desibeli moja au pungufu, sikio haliitambui kama ukubwa. Huitafsiri kama uwazi, kama besi iliyojaa, kama mwimbaji aliyesogea karibu. Tangu 1933, Fletcher na Munson walipopima usikivu wa binadamu, tunajua kwamba sauti inaposhushwa besi hufifia masikioni haraka kuliko nota za kati. Kwa hiyo chombo kinachotoa umeme mdogo kitaonekana chembamba na baridi ingawa hakijapunguza besi hata kidogo. Ongeza hapo kwamba Spotify na YouTube hushusha zenyewe nyimbo zilizotengenezwa kwa kishindo, na utaona kwa nini kulinganisha CD na mtandao kwa kubonyeza tu huku na huku hakuthibitishi chochote.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usimwamini yeyote juu ya jambo hili, mimi nikiwemo, kabla hujafanya jaribio, nalo halina gharama. Hakikisha vyombo vyote viwili vinacheza faili moja, si matoleo mawili ya wimbo. Tengeneza au tafuta mlio mmoja usiobadilika wa hezi 100, uucheze kwenye kila chombo, na upime volti kwenye nyaya za spika kwa mita ya kawaida ya fundi wa umeme. Tia alama ya penseli kwenye kitufe cha amplifaya pale kila chombo kinapotoa volti sawa. Tofauti ya asilimia mbili inavumilika, zaidi ya hapo rudia. Kisha mwombe mtu arushe sarafu na kuchagua chombo bila wewe kuona wala kumtazama usoni, akuchezee kipande kifupi cha sekunde kumi au kumi na tano, nawe uandike unachodhani. Fanya mara 16. Ukipatia 12, bahati tupu ingekufikisha hapo mara nne hivi katika mia, na una haki ya kusema umesikia kitu. Ukipatia nane au tisa, weka pesa zako mfukoni. Vipande viwe vifupi kwa sababu kumbukumbu ya namna sauti ilivyo hudumu kwa sekunde chache. Anayesema anakumbuka jinsi mashine ya rafiki yake ilivyolia wiki iliyopita anakumbuka furaha aliyokuwa nayo, na furaha hiyo ilikuwa na sababu nyingi.

Hapa Mombasa pingamizi linalonigusa zaidi huja kutoka kwa watu wa taarabu wenyewe. Mpiga udi au mpenzi wa nyimbo za Zein l'Abdin aliyekua akisikiliza maqam, yaani mipangilio ya nota ya muziki wa Kiarabu, atauliza kwa haki: utamwambiaje mtu anayesikia robo ya toni kwamba masikio yake yanamdanganya? Simwambii hivyo. Usikivu huo ni wa kweli na unapimika, na kwa kuwa unapimika unatusaidia kuona tofauti iko wapi. Gawanya nusu toni katika sehemu mia. Robo toni ni sehemu hamsini. Saa ya fuwele inayoongoza mashine ya dijitali, hata ya bei ya chini, kwa kawaida haikosei zaidi ya sehemu mia moja katika milioni, ambayo ni kama moja ya sita ya sehemu moja tu kati ya zile mia. Hakuna binadamu anayesikia hilo. Sasa chukua rikoda ya kaseti yenye mkanda wa mpira uliolegea, inayokosea mwendo kwa asilimia tatu: wimbo mzima umehama kwa sehemu hamsini na moja, yaani robo toni kamili. Masafa kati ya nota yanabaki yalivyo, lakini sauti ya mwimbaji imebadilika umri, na mpiga udi anayejaribu kufuatiza nyumbani hapati uzi wa kulinganisha. Sikio lililofunzwa husikia hilo papo hapo. Kosa lake, likiwapo, ni kulitia kwenye hesabu ya simu au ya mashine ya CD, wakati liliingia miaka mingi kabla, siku wimbo ule ulipotolewa kwenye kanda na kufanywa faili.

Na ndivyo tulivyofika kwenye nakala, ambako ndiko kwenye utajiri wote. Fikiria njia zilizopita nyimbo za mji huu. Miaka ya 1960 na 1970 duka la Assanand & Sons la Mombasa lilizitoa kwenye sahani ndogo za santuri zenye lebo ya Mzuri. Baadaye kaseti zikatawala, na Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale ikawa jina linalojulikana kwa kila mpenzi wa Juma Bhalo. Kaseti hizo zilinakiliwa majumbani, nakala ikazaa nakala, na kila kizazi kikaongeza mvumo na kupunguza nota za juu. Kisha vizazi hivyo vyote, wazee kwa wajukuu, vikapandishwa mtandaoni kwa jina moja la wimbo. Huku nyuma, kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilimtolea Zein l'Abdin albamu Mtindo wa Mombasa mwaka 1990, nayo Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, ikatoa mkusanyo wa taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Ukicheza wimbo wa zama hizo kutoka kwenye mkusanyo wa namna hiyo kwa simu ya kawaida, halafu ukacheza kutoka kwenye faili iliyozaliwa na kaseti ya kizazi cha tano kwa mashine ya bei kubwa kupindukia, simu itashinda bila ushindani. Jambo hilo linarudi nyuma hadi mwanzo wa muziki wetu kurekodiwa: mwimbaji Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sahani za enzi hizo hazikuzunguka zote kwa mwendo ule ule hasa, na aliyezihamisha miaka mingi baadaye ndiye aliyeamua, kwa umakini au kwa uzembe, Siti tunayemsikia ana sauti gani.

Namna ya kubana faili nayo huacha alama, na hapa muziki wa pwani unateseka kuliko mwingine mwingi. CD hupitisha kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 imetupa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mzigo huo. Inafanya hivyo kwa werevu, ikitupa yale ambayo sikio huenda lisiyaone, lakini hushindwa zaidi pale sauti inapoanza ghafla baada ya utulivu. Huko ndiko hasa kunakoishi udi, ganuni na ile tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo, inayosikika katika nyimbo za Zuhura Swaleh: mdundo mkali wa uzi unaochapwa, mbele yake kimya. Kwenye MP3 dhaifu, kila mdundo hutanguliwa na mchakacho kama wa vumbi. Kwa kilobiti 320 kasoro hiyo karibu hutoweka, na wachache mno wataitambua katika jaribio la sarafu. Angalia hata hivyo kwamba namba iliyoandikwa kwenye faili inaweza kudanganya. Faili ya 128 iliyogeuzwa kuwa 320 huwa kubwa tu, kilichotupwa hakirudi. Programu za bure kama Audacity au Spek zitakuchorea picha ya mitetemo iliyomo, na ukiona imekatwa kama kwa kisu karibu na hezi 16,000 ilhali faili inajiita 320, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeuziwa faili iliyotiwa hewa. Wimbo uliokuja kama video ya WhatsApp pia umeshabanwa tena njiani. Mwambie anayekutumia auambatanishe kama hati, utafika kama ulivyotoka.

Nakubali bila kinyongo kwamba kuna nyakati chombo chenyewe kina hatia. Simu inayochajiwa huku inacheza inaweza kuleta mlio mwembamba au mngurumo wa umeme wa hezi 50; chomoa chaja, na kelele ikikoma umempata mkosaji. Hewa ya chumvi ya kisiwa hiki hula vichwa vya waya, na upande mmoja wa spika unaokatika mara nyingi hudai kusuguliwa kwa spiriti tu. Bluetooth kwa mfumo wake wa kawaida hubana sauti hadi takriban kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa faili nzuri hasara ni ndogo, lakini faili ambayo tayari ni dhaifu hubanwa juu ya kubanwa. Na kabla ya kuilaumu simu yoyote, ingia kwenye mipangilio yake uzime vikorombwezo vya kuongeza besi na kupanua sauti ambavyo watengenezaji huviacha vimewashwa. Hizo zote ni kasoro zenye majina, zinapimika na zina dawa ya bei rahisi. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba dijitali ya ghali ina roho ambayo ya rahisi haina.

Kilichobaki ni chumba, na nashangaa kwamba hakitajwi sana. Nyumba za kale za mji huu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari; ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi chini kidogo ya mita tatu. Katika chumba cha upana wa mita 2.8, kwa joto letu, mawimbi yanayorudi kati ya kuta mbili hujengana karibu na hezi 62, katikati kabisa ya eneo la gitaa la besi. Nota hiyo itanguruma ukiketi ukutani na itazama ukiketi katikati, na tofauti inaweza kufika desibeli kumi au zaidi. Ilinganishe na tofauti kati ya mashine mbili za CD zisizo na hitilafu, ambayo ni sehemu ndogo ya desibeli moja. Juu ya hapo, kuta tupu za chokaa na sakafu ngumu hurudisha nota za juu mpaka maneno ya mshairi yanakanyagana, na katika taarabu asiyesikia maneno amekosa nusu ya wimbo. Vyumba vipya vya zege na vigae vina ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji duka. Weka spika kwenye ukuta mfupi zitazame urefu wa chumba, ziondoe kwenye pembe ambako besi huvimba, ziinue hadi usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, na usogeze kiti chako nusu mita mbele na nusu mita nyuma huku ukisikiliza besi mpaka ipate mizani. Tandika zulia zito kati yako na spika, tundika pazia nene upande mmoja wa ukuta, jaza matakia. Ukiwa bado una pesa baada ya hapo, zipeleke kwenye spika, kwa kuwa spika ndizo zinazotofautiana waziwazi hata kwa asiye na mazoea. Chombo cha kuchezea kiwe chochote kisicho na kelele na kinachokurahisishia kupata nakala nzuri.

Na kwa mwenye sanduku la kaseti au sahani za Mzuri ndani ya nyumba, juhudi iende huko haraka, kwa kuwa unyevu wetu hupandisha ukungu kwenye kanda na hausubiri. Tafuta rikoda iliyofanyiwa matengenezo, safisha kichwa chake kwa spiriti, na hakikisha mwendo wake kwa kanda yenye mlio unaojulikana kabla ya kuhamisha chochote. Rekodi kwa biti 24 ili usihofie kukosea kiwango, hifadhi kwa FLAC, isiyotupa kitu, na MP3 iwe ya kutumiana tu. Weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Kwenye jina la kila faili andika imetoka kwenye kaseti gani au sahani yenye namba ipi, rikoda gani ilitumika na mwaka gani, ili nakala bora ikipatikana kesho ijulikane ni ipi ya kubadilishwa.